Mabingobingo nayo yanataka samadi

Kiangazi kikishakolea huku Kilimanjaro, biashara ya majani huchangamka kuliko ya maziwa yenyewe. Pikapu zinapanda kutoka tambarare zimesheheni mabua ya mahindi, akina mama wanapandisha mizigo kichwani, na asiye na hela anamkatia ng'ombe mgomba. Mgomba sehemu kubwa ni maji. Ng'ombe anajaa tumbo, maziwa yanapungua, na lawama zinamwendea aliyemuuza.

Watakaonipinga wapo, lakini naona shida yetu ya kwanza si mvua, wala udogo wa kihamba, yaani shamba la nyumbani, wala mbegu. Hatuyahesabu majani kuwa zao. Kahawa ni zao, migomba ni zao, hata mchicha wa nyuma ya jiko unapaliliwa. Mabingobingo, yale majani marefu ya kulishia ng'ombe, tunayapa mpaka wa shamba, ukingo wa mfereji, na kale kamteremko ambako hata magimbi yamekataa. Tunayakata mwaka mzima bila kuyarudishia kitu. Mama mmoja jirani yangu nilipomwambia ayawekee samadi, alicheka sana. "Samadi kwenye majani, mwanangu? Si yanaota tu!"

Haya, tupige hesabu. Protini ina naitrojeni takriban asilimia 16. Mabingobingo yaliyokatwa kwa wakati yana protini kama asilimia 10 ya uzito wake yakikauka. Kwa hiyo kila tani kavu inayoingia bandani imebeba kama kilo 16 za naitrojeni kutoka kwenye udongo ule ule wa mpakani. Mfuko wa urea wa kilo 50 una kilo 23. Ukivuna tani 6 kavu kwenye ekari moja kwa mwaka, umeondoa naitrojeni ya zaidi ya mifuko 4 ya urea, na hapo hatujagusa potasiamu, ambayo majani haya huifyonza kwa pupa. Sehemu kubwa inatoka tena kwenye kinyesi na mkojo. Inapelekwa wapi? Migombani, miaka nenda rudi. Halafu tunashangaa kwa nini mgomba wa karibu na banda umenona na mabingobingo yamebaki unyasi wa kufikia gotini.

Kosa la pili ni kusubiri. Tunayaacha yapite urefu wa mtu kwa sababu mzigo unaonekana mkubwa. Chungulia kwenye hori asubuhi: majani yameliwa yote, zimebaki fimbo ngumu za rangi ya kijani iliyofifia, ncha zake zimetafunwatafunwa na kutemwa. Hizo fimbo umezikata, umezibeba, kisha unazitoa kama taka. Hata zile anazolazimika kumeza hazimsaidii sana, maana malisho yakishuka chini ya asilimia 7 ya protini, vijidudu vya tumboni vinavyovunjavunja nyuzi navyo vinakosa chakula. Yanatakiwa kukatwa yakifika kama mita moja, yaani kila wiki 6 hadi 8 mvua zikiwepo, ukiacha kisiki cha sentimita 5 hadi 10. Ng'ombe wa kilo 400 anahitaji kama kilo 12 za chakula kikavu kwa siku, sawasawa na kilo 60 hadi 70 za mabingobingo mabichi. Huo ni mzigo wa kweli. Sioni sababu ya kubeba fimbo juu yake.

Siku hizi mitandaoni kila mtu anauza pingili za ajabu: Super Napier, ile Pakchong 1 ya Thailand, na Juncao ya China. Sina ugomvi nazo, ni majani mazuri. Ila jani linalokua upesi linakula upesi, na ukilipanda mpakani bila samadi litafanana na la jirani muda si mrefu. Tena kuna hatari ya kununua pingili usikokujua. Magharibi mwa Kenya na Uganda kuna ugonjwa wa kudumaa kwa mabingobingo. Ukishakata, yanachipua manjano, majani membamba, mafupi, mwisho shina zima linakufa. Ugonjwa huu unasafiri kwenye pingili hizo hizo, na dawa yake ni kung'oa.

Ningekuwa na hela ya pingili za Thailand, ningechimba mashimo. Huko magharibi mwa Kenya wana mtindo wanaouita tumbukiza: shimo la sentimita 60 kwenda chini na 60 upana, debe moja la udongo wa juu likichanganywa na madebe mawili ya samadi, unajaza ukiacha kama sentimita 15 juu ili maji yatuame, ndipo unapanda. Kazi ni nzito, sikatai. Lakini unafaa kihamba kidogo, na samadi inawekwa mle inakohitajika. Kati ya mistari weka desmodiamu, ambayo ni jamii ya kunde: inavuta naitrojeni hewani na ng'ombe anaila.

Kuna jambo jingine linaloniudhi kidogo. Bwana shamba akija anauliza mahindi na kahawa. Bwana mifugo akija anauliza kupe na chanjo. Majani yapo katikati yao, hayana mwenyewe. Nchi ina taasisi ya utafiti wa mifugo, TALIRI, na Kibaha kuna shamba la serikali la mbegu za malisho pale Vikuge. Ningependa mmoja wa mabwana hawa, yeyote yule, aanzie ziara yake kwenye hori kabla ya kumtazama ng'ombe.

Najua jibu nitakalopewa: samadi yenyewe haitoshi, migomba nayo inaidai. Ni kweli. Basi anza na mkojo, ambao hakuna anayeugombania. Potasiamu nyingi ya ng'ombe hutoka huko, pamoja na naitrojeni ya kutosha, na mabanda mengi huku yanauacha uchuruzike hadi njiani. Kama mabingobingo yako chini ya banda, mfereji wa upana wa jembe unatosha kuufikisha kwenye mistari. Kama yako juu, itabidi ndoo, na uchanganye na maji nusu kwa nusu usije ukayaunguza.