Kabla ya kuchimba pale, muulizeni mzee

Kwenye eneo la kiwanda kimoja cha zamani upande wa Nyakato, hapa Mwanza, vimesimikwa vigingi vya saruji vyenye namba nyekundu. Kwa miaka palikuwa na magugu na kuta zisizo na mabati. Sasa panauzwa viwanja. Sina ugomvi na hilo, watu wanahitaji pa kujenga. Nilichouliza ni kimoja tu: udongo na maji ya chini ya pale vimepimwa? Nikajibiwa kuwa maji yalishapimwa na ni salama. Yalichotwa wapi? Bomba la getini.

Bomba la getini linaleta maji ya mamlaka, yanatoka ziwani na yameshatibiwa. Hayajawahi kugusa udongo wa kiwanda kile. Kuyapima hayo na kusema eneo ni salama ni sawa na kumpima jirani homa ili ujue kama mwanao anaumwa.

Nyumba ya pili kutoka ukutani pana kisima cha kuchimba kwa mkono. Nilivuta ndoo mwenyewe. Maji yalipotulia, juu yake ukatanda utando mwembamba wenye rangi za upinde wa mvua. Utando wa namna hiyo unaweza kutokana na vijidudu wanaokula chuma, wala hauna shida kubwa. Ukiugusa kwa kijiti huvunjika vipande kama kioo. Wa mafuta huachana, kisha huungana tena. Nikaugusa. Ukaungana. Nikainamia ndoo nikasikia dizeli.

"Tunafulia tu," mama mwenye kisima akaniambia. "Bomba likikata siku nyingi ndiyo tunachemsha tunakunywa."

Kuchemsha kunaua vijidudu. Madini yenye sumu kama risasi au kromu hayaondoki kwa moto. Maji yanapopungua sufuriani, yenyewe yanabaki palepale na kukolea. Shirika la Afya Duniani linaweka ukomo wa risasi kwenye maji ya kunywa kuwa mikrogramu 10 kwa lita. Kiasi hicho hukioni kwa macho, hukionji kwa ulimi.

Sasa kuna mzee mmoja, jirani yetu, aliyefanya kazi kwenye boila la kiwanda kile hadi kilipofungwa. Nilimpa shikamoo, nikamwomba tukatembee. Alikwenda taratibu na fimbo yake, akasimama mahali ambapo mimi niliona nyasi tupu. "Hapa, mwanangu, ndipo tangi la dizeli lilipozikwa. Halikufukuliwa." Hatua kama ishirini mbele akagonga chini kwa fimbo. "Na hapa palikuwa na shimo. Kila Jumamosi tulikuwa tunaosha mashine kwa dawa ya kuondolea grisi, tunamwaga humu." Hakuna ramani niliyoonyeshwa yenye shimo hilo.

Ndiyo maana nasema uchunguzi wa kweli unaanzia kwa mtu kama yeye, halafu ndiyo zinakuja mashine. Mahali alipogonga fimbo ndipo pa kutoboa na kuchukua udongo wa vina mbalimbali, na sampuli nyingine ichukuliwe mbali, mahali pasipoguswa na kiwanda, ya kulinganishia. Dizeli huelea juu ya maji ya ardhini. Dawa nyingi za kuondolea grisi, mfano trikloroethilini, ni nzito kuliko maji, huzama. Anayechota juujuu tu ataikuta dizeli na kuikosa hiyo iliyozama.

Na hapa kwetu ni mawe. Chini ya udongo huu kuna graniti, na maji hupita kwenye nyufa zake, hayafuati mteremko tunaouona sisi. Visima vya kupimia visipungue vitatu, kina cha maji kipimwe katika kila kimoja, ndipo ijulikane yanaelekea wapi. Vipimwe kiangazi na vipimwe tena masika, maana maji yakipanda hufikia uchafu uliokuwa umekaa pakavu. Sampuli za kupimia dawa zinazogeuka mvuke upesi ziwekwe kwenye vichupa vya kioo vilivyojaa pomoni bila hata kiputo cha hewa, zifike maabara zikiwa kwenye barafu. Mtu akija na chupa ya soda, mrudisheni.

Ni gharama, najua. Lakini kule Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kilifungwa mwaka 2014, risasi ikabaki kwenye udongo na kwenye damu za watoto. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Sheria yetu ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inatambua kuwa mchafuzi ndiye anayelipa. Basi anayeuza alipe uchunguzi huu kabla ya kupokea hata shilingi moja ya mnunuzi, na majibu yabandikwe ofisi ya mtaa, kwa Kiswahili, mama yule ayasome.

Kigingi namba 14 kimesimama karibu kabisa na lile shimo la Jumamosi. Mzee yupo nyumbani kila asubuhi, anaota jua barazani, na miguu yake bado inamfikisha pale. Mpaka leo naandika haya, hakuna aliyekwenda kumuuliza.