Kivinjari chenye alama nyingi kinafuata kiwango cha nani?

Mabishano kuhusu vivinjari hayakawii kufika kwenye jedwali linalohesabu vipengele ambavyo kila kivinjari kinaviunga mkono: Chrome juu, Firefox nyuma kidogo, Safari mkiani. Jedwali lenyewe si uongo, ila linajumlisha vitu viwili visivyolingana. Kuna vipengele ambavyo watengenezaji wote wa vivinjari wamekubaliana, na kuna vile ambavyo kampuni moja imependekeza, ikavitekeleza, kisha ikasubiri wenzake wafuate. Vyote viwili huhesabiwa alama moja moja.

Acid3, jaribio la kupima kama kivinjari kinafuata viwango vya wavuti, inaonyesha vizuri tatizo hilo. Jaribio hili lilitoka Machi 2008 likiwa na vipimo 100, na timu za WebKit (injini ya Safari, yaani programu inayosoma na kuchora kurasa) na Opera zikakimbizana kuwa za kwanza kufikisha alama zote. Firefox 4 ilipotoka Machi 2011 ilikwama kwenye 97. Vipimo vitatu ilivyokosa vilihusu fonti zilizochorwa kwa umbizo la picha la SVG, na Mozilla, watengenezaji wa Firefox, haikuwa imeshindwa kuziweka. Ilikataa, kwa hoja kwamba umbizo jingine la fonti, WOFF, lingetosheleza mahitaji ya fonti kwenye wavuti. Septemba mwaka huohuo jaribio lilirekebishwa na sehemu hizo zikaondolewa. Desemba 2012 W3C, shirika linaloweka viwango vya wavuti, iliidhinisha WOFF rasmi, na baadaye Chrome nayo ikaziacha fonti za SVG. Aliyepata 97 ndiye aliyeona mbali, lakini hadi jaribio liliporekebishwa alama zilimwonyesha kama mzembe.

Betri ni mfano wa pili. Kulikuwa na njia ya tovuti kuuliza kifaa kimebaki na chaji kiasi gani, na Firefox iliiunga mkono. Watafiti walipoonyesha kwamba takwimu hizo zinaweza kutumika kumfuatilia mtu kutoka tovuti moja hadi nyingine, Mozilla iliiondolea tovuti uwezo huo katika Firefox 52, mwaka 2017. Chrome imeubakiza. Kwenye jedwali Chrome ina tiki na Firefox ina mkasi (X). Mtumiaji anayejali faragha angesoma alama hizo kinyume.

Hata hivyo, si kila anayechelewa ana hekima ya siri. Internet Explorer 6 ilitoka 2001, na toleo la 7 likaja 2006. Kwa miaka hiyo mitano kivinjari kilichotawala soko kilikuwa kimesimama, na waundaji wa tovuti wakalazimika kuandika msimbo mara mbili: mmoja wa viwango na mwingine wa kukwepa hitilafu za IE. Hapakuwa na kanuni yoyote iliyokuwa ikilindwa. Microsoft ilikuwa imeshinda, haikuwa na sababu ya kuharakisha.

Wala Chrome, inayopenda kuongoza majedwali, haina rekodi safi. Lugha ya kuandika hesabu kwenye wavuti, MathML, ni kiwango cha W3C tangu 1998. Chrome iliiwasha mapema 2013, ikaizima katika toleo lililofuata, na kuirudisha Januari 2023 tu. Hata hapo, kazi kubwa ilifanywa na Igalia, kampuni ya wahandisi wa programu huria. Kwa miaka kumi, kurasa za hisabati ziliishi kwa picha na maktaba za JavaScript. Kiteuzi cha :has() katika CSS, lugha ya kupanga mwonekano wa kurasa, huchagua sehemu ya ukurasa kwa kuangalia kilichomo ndani yake. Kiteuzi hicho, ambacho waandishi wa CSS walikililia kwa muda mrefu, kilianza kwenye Safari Machi 2022. Chrome ikafuata Agosti, na Firefox ikasubiri hadi Desemba 2023.

Kwa maoni yangu, shtaka zito dhidi ya Safari haliko kwenye orodha ya vipengele inavyokosa. Liko kwenye iPhone. Apple ililazimisha kila kivinjari cha iOS kitumie WebKit, hivyo Chrome ya iPhone ilikuwa Safari yenye sura nyingine. Hitilafu ya WebKit ikitokea, mtumiaji hana pa kukimbilia. Kwa kuwa WebKit husasishwa pamoja na mfumo endeshi, simu iliyofikia mwisho wa masasisho hubaki na hitilafu zake. Sheria ya Umoja wa Ulaya ililegeza kamba hiyo kuanzia iOS 17.4, Machi 2024, lakini kwa nchi za Umoja huo tu.

Na bado sitamani WebKit itoweke. Opera iliacha injini yake ya Presto mwaka 2013, ikahamia Chromium, msingi wa Chrome, na Edge ya Microsoft ikaifuata huko Januari 2020. Leo jedwali lenye tiki za Chrome, Edge, Opera na Brave lina tiki moja iliyonakiliwa mara nne. Kwa kawaida W3C huhitaji ushahidi kwamba kiwango kimetekelezwa na zaidi ya timu moja zinazojitegemea. Web SQL, pendekezo la hifadhidata ndani ya kivinjari, ilikwama mwaka 2010 kwa sababu hiyohiyo: kila aliyeitekeleza alitegemea programu ya hifadhidata ya SQLite, na maelezo ya kiwango yakageuka kuwa maelezo ya programu moja.

Ndiyo maana naona Interop, mradi wa kufanya vivinjari vifanye kazi kwa namna moja, ulioanza kwa jina hilo mwaka 2022, unauliza swali zuri zaidi. Apple, Google, Microsoft, Mozilla, Igalia na kampuni ya Bocoup huchagua maeneo ya kushughulikia kwa mwaka, kisha pamoja na alama ya kila kivinjari hutoa alama ya majaribio yanayofaulu kwenye vivinjari vyote. Mwundaji wa tovuti anahitaji hiyo ya pili. Kipengele kinachofanya kazi kwenye injini moja hakimsaidii kuandika ukurasa wa watu wote.

Lakini maeneo hayo huchaguliwa kwa makubaliano, kwa hiyo kampuni moja inaweza kuzuia, na umma hauelezwi ni nani aliyepinga. Kwa mwaka 2024, umbizo la picha la JPEG XL lilikuwa miongoni mwa maombi yaliyoungwa mkono sana na waundaji wa tovuti, likaachwa nje. Google ilikuwa imeshaliondoa kwenye Chrome. Kivinjari kikubwa kilichokuwa kikilionyesha bila mtumiaji kubadili mpangilio wowote kilikuwa Safari.