Mjomba na Diski Bubu

"Njoo upesi mwanangu, wameniuzia diski bubu!" Mjomba hakusubiri hata salamu.

Nikakuta sebule imejaa majirani. Magari yanalipuka, muziki unapanda, lakini waigizaji wanafungua na kufunga midomo kama perege. Maneno hakuna. Mjomba, asiyependa wageni waondoke, alikuwa amesimama kando ya runinga anatafsiri mwenyewe.

Kilichomuuma ni kwamba DVD yenyewe orijino. Zile za mtaani, filamu nane kwenye diski moja, zilikuwa zinaongea vizuri tu.

Shemeji yake alishatoa hukumu: sauti ya DVD imebanwa, kubana ni kutupa, basi wametupa maneno. Kubanwa ni kweli. Chaneli sita, yaani njia sita za sauti, kila moja na spika yake, zisizobanwa, za biti 16 na sampuli 48,000 kwa sekunde, zingekula kilobiti 4,608 kila sekunde. Dolby Digital, mfumo wa kubana sauti, kwenye DVD haivuki 448. Sauti hukatwa vipande vya milisekunde 32, na katika kila kipande masafa ya sauti yanayofunikwa na kelele kubwa iliyo jirani yao hupewa biti chache au hayaambulii kitu. Kinachopotea ni kile ambacho sikio lisingekisikia, siyo mazungumzo ya filamu nzima.

"Sasa wameyaficha wapi?"

Nyuma ya deki. Pana matundu sita: FL na FR (mbele kushoto na kulia), C (katikati), SL na SR (nyuma kushoto na kulia), SW (besi). Sabufa ya mjomba ina waya mbili, nyekundu na nyeupe, zimechomekwa FL na FR, mahali pake kabisa. Ila kwenye menyu ya spika, DOWNMIX, kuchanganya chaneli zote ziwe mbili, ilikuwa OFF. Deki ikaamini nyumba ina spika zote, ikapeleka kila chaneli kwenye tundu lake. Filamu ya 5.1, yaani chaneli tano na moja ya besi, huweka sehemu kubwa ya mazungumzo C, na kwenye C ya mjomba kulikuwa na utando wa buibui. Feki zina chaneli mbili tu, maneno yamo kushoto na kulia, kwa hiyo hazikuwa na pa kupotelea.

Shemeji akashauri waya nyeupe ihamie C. Tukamridhisha: maneno yakaja, nusu ya muziki ikaondoka.

Nikasimamisha diski, SETUP, ukurasa wa spika, DOWNMIX kuwa STEREO. Hapo C kwa kawaida hupunguzwa desibeli 3 na kugawiwa pande zote mbili, za nyuma nazo hupunguzwa, ya kushoto ikaenda kushoto na ya kulia kulia. Ile ".1", chaneli ya mngurumo usiozidi hezi 120, mara nyingi huachwa, sabufa hujichujia besi yake kutoka kushoto na kulia.

Waigizaji wakaanza kusema. Ndipo ikajulikana kwamba yule mzee ambaye mjomba alimtafsiri kuwa baba mkwe anayedai mahari ni rubani, na filamu nzima haina harusi.

Majirani wakaomba nirudishe OFF.