Miili ya Murambi: izikwe, au iachwe itoe ushahidi?

Swali la kwanza linalomjia anayeingia katika madarasa ya Murambi, eneo la kumbukumbu ya mauaji ya kimbari kusini mwa Rwanda, ni kwa nini watu hawa hawajazikwa. Juu ya vichanja vya mbao imelazwa mamia ya miili ya Watutsi waliouawa mwaka 1994, imehifadhiwa kwa chokaa hadi ikawa myeupe. Baadhi bado ina nywele.

Ni swali la haki, na wanaouliza si wageni peke yao. Kumsitiri maiti ni deni la walio hai, na marehemu hawa hawakuulizwa kama wako radhi kutazamwa. Tena fuvu halisemi lilikuwa la nani. Linaonyesha kifo, halionyeshi mtu. Wenye mtazamo huu huitazama kumbukumbu ya Gisozi, jijini Kigali, ambako zaidi ya watu 250,000 wamezikwa na ndani kukatundikwa picha zao wakiwa hai.

Hoja ya upande wa pili hukataliwa haraka mno, hasa na sisi tuliotazama kwa mbali. Murambi ilikuwa shule ya ufundi ambayo ujenzi wake haujakamilika. Watutsi waliambiwa wakimbilie huko, watalindwa. Tarehe 21 Aprili wakashambuliwa, wakafa kwa makumi ya maelfu, na miili yao ikasukumwa mashimoni na kufukiwa. Ule haukuwa msiba wala mazishi. Kufukia kulikuwa sehemu ya uhalifu wenyewe. Miezi miwili baadaye askari wa Ufaransa wa Turquoise, operesheni iliyotangazwa kuwa ya kibinadamu, walipiga kambi hapohapo, na leo kuna kibao kinachoonyesha mahali walipocheza mpira wa wavu. Miezi miwili tu, na eneo la mauaji ya halaiki lilishageuka uwanja wa michezo! Waliofukua mwaka 1995 walikuwa wanatengua kazi ya muuaji. Wengi walizikwa upya kwa heshima. Waliobakizwa juu ni sehemu ndogo.

Mwaka 2006 majaji wa rufaa wa mahakama ya kimataifa ya Rwanda, iliyokuwa na makao Arusha, walitamka kwamba mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ni ukweli usiohitaji tena kuthibitishwa. Wakanushaji hawakunyamaza. Manusura anayesikia kwamba ndugu zake walikufa vitani tu, kama wafavyo watu vitani, ana sababu ya kuona jiwe lenye maandishi halitoshi. Kumwambia kuwa hana heshima kwa wafu wake ni kumwonea.

Hata hivyo, haki yake haifuti ya jirani yake. Familia inayomtambua mtu wake ikitaka kumzika, ipewe, na isiombwe kusubiri kwa ajili ya historia. Kwa wasiotambulika, uamuzi uwe wa manusura wenyewe kabla ya wizara, wataalamu au watalii. Na kamera zibaki nje.