Kumi tu wanatosha kumuua mtu?

Mwandishi wa makala hii ameueleza vizuri muswada wa jimbo la Alabama, Marekani, unaotaka wajumbe wote 12 wa jopo (raia wanaoteuliwa kuamua kesi) waafikiane kabla ya hukumu ya kifo, ila kiini cha utata kakipita juu juu. Kumtia mtu hatiani huko lazima wote 12 wakubaliane. Wakifika kwenye adhabu, eti 10 wanatosha! Wale wawili wana uzito kwenye hatia, kwenye roho ya mtu hawana.

Na hadi 2017 jaji aliweza kulipuuza jopo kabisa. Kuna mfungwa ambaye wajumbe 9 kwa 3 walitaka apewe kifungo cha maisha, jaji akampa kifo. Gavana Kay Ivey ndiye aliyemwondolea adhabu hiyo, 2025, miaka 30 baadaye.

Jimbo la Florida nao, muuaji wa shule ya Parkland alipokwepa kifo kwa sababu wajumbe watatu walikataa, wakashusha kiwango hadi kura 8 kati ya 12 mwaka 2023. Uchungu wa wazazi wale naufahamu, waliuawa watu 17. Lakini sheria hiyo haimhusu yule tu.

Swali kwa mwandishi: waliokwisha kuhukumiwa kwa kura 10 au 11 watarudishwa mahakamani, au ndiyo imetoka?