Kofia imemfunika Tom Weir

Pale Balmaha, kijiji kidogo upande wa mashariki wa ziwa Loch Lomond huku Uskoti, kuna sanamu ya shaba ya mzee mfupi aliyevaa kofia ya sufu. Nilifika hapo Jumapili moja ya mwezi wa tano, nikapanga foleni nyuma ya vijana watatu waliotaka kupiga naye picha. Mmoja akamvisha skafu yake. Nikawauliza huyu ni nani. "Mzee wa kofia," akajibu mmoja, wakaenda zao kununua aiskrimu.

Hapo ndipo ninapogombana na Waskoti, majirani zangu wa miaka tisa sasa. Wanampenda Tom Weir, mpanda milima na mtangazaji wa televisheni ambaye sanamu ile ni yake, lakini wamebaki na kofia tu.

Alizaliwa tarehe 29 Desemba 1914 Springburn, mtaa wa Glasgow ulioishi kwa viwanda vya garimoshi. (Nasi tuna habari nao: zile injini za mvuke za daraja la 29 zilizopewa majina ya makabila ya Afrika Mashariki ziliundwa Glasgow na kampuni ya North British Locomotive. Moja bado iko kwenye makumbusho ya reli Nairobi. Niliipanda nikiwa mtoto, nikachafua shati, nikachapwa.) Baba yake alifia katika Vita Kuu ya Kwanza, akalelewa na mama na bibi. Dada yake, Molly, alikuja kuwa mwigizaji maarufu. Tom mwenyewe alianza kama kijana wa duka la vyakula, na siku ya mapumziko ikifika anashika njia kuelekea vilima vya Campsie.

Kijana wa duka huyohuyo, mwaka 1950, alikuwa Himalaya pamoja na wapanda milima wenzake W. H. Murray, Douglas Scott na Tom MacKinnon. Hakuzaliwa na shamba wala jina la ukoo la kumfungulia milango. Alikuwa na miguu tu.

Televisheni ilimjia uzeeni. Kipindi chake cha Weir's Way kilianza STV, kituo cha televisheni cha Uskoti, mwaka 1976, akiwa na miaka 61, kikaendelea hadi 1987. Miaka ya tisini kilirudiwa usiku wa manane, vijana wakirudi kutoka disko wanamkuta mzee anapanda kilima kwa sauti nyembamba ya Glasgow, wanacheka, wanampenda. Nadhani kofia ilianza kumshinda mwenyewe hapo.

Tazama kipindi hicho leo uone anavyofanya. Anakutana na mvuvi au mchungaji, anauliza swali moja fupi, halafu ananyamaza. Mtu anaongea. Kamera haina haraka. Hakuna muziki wa kukuliza, wala sauti ya kukwambia kwamba unachokiona ni cha ajabu.

Kwa Uskoti jambo hilo si dogo. Mabonde mengi ya Highlands, nyanda za juu za Uskoti, ambayo mtalii anayaita pori tupu yalikuwa na watu, wakafukuzwa karne ya 18 na ya 19 ili kondoo wapate nafasi. Mtangazaji wa mandhari anaweza kukaa juu ya ukuta wa nyumba iliyobomoka akasifu machweo, basi. Weir alikuwa akitaka kujua nani alikaa pale. Vipindi vya wanyama vinavyorekodiwa kwetu Afrika Mashariki vingekuwa na mengi ya kujifunza kwake, maana humo mwenyeji huonekana akiendesha gari tu.

Wala hakuishia kwenye kusifu. Bodi ya umeme ilipotaka kujenga mradi mkubwa Craigroyston, kando ya Loch Lomond, alikuwa miongoni mwa waliopinga, na mradi haukujengwa. Mwaka 2000 John Muir Trust, shirika la kuhifadhi mazingira, lilimpa tuzo yake ya kwanza ya mchango wa maisha. Alifariki Julai 2006.

Nyumbani kwake kulikuwa Gartocharn, chini ya Duncryne, kilima cha mita 142 ambacho wenyeji wanakiita The Dumpling, yaani donge la unga, kwa sababu ya uduara wake. Yeye aliyeona Himalaya alikuwa anakipanda karibu kila siku. Nilikipanda mwezi uliopita, pumzi juu juu, nikamkuta mama mmoja mtu mzima na mbwa wake. Bila kumwuliza akaanza kunitajia visiwa vya Loch Lomond kimoja kimoja: Inchmurrin, Inchfad, Inchcailloch. Hicho cha mwisho, akasema, kwa Kigaeli ni kisiwa cha bibi kizee. Akacheka, akamwita mbwa, akateremka.