Simu Mpya? Niambie Kwanza Sistimu Chaji Yake

Simu yangu ilipata ule ugonjwa wa kuegeshwa. Chaja inaingia, alama inawaka, ukiachia tu inazima. Usiku nailaza kifudifudi, waya naupinda na kuubana kwa kopo la chumvi, na yeyote anayepita karibu na meza anaambiwa, "Taratibu, usiiguse!"

Nikaenda Ngamiani, hapa Tanga, kwa fundi, nimeshatenga kabisa hela ya kubadilisha sistimu chaji, yaani lile tundu la kuchajia. Kijana akaizima simu, akachukua kijiti cha meno, akachokonoa polepole. Kikatoka kidonge cha nyuzinyuzi za mfuko wa suruali, kimeshindiliwa kweli, na mchanga wa Raskazone ndani yake. Chaja ikazama mpaka mwisho. "Hiyo bure, shekhe," akasema. "Wa kuwahurumia ni hawa." Akanionyesha simu ya muuza samaki wa Deep Sea: pini za tundu zimeota ukijani. Maji ya chumvi yakikutana na umeme, pini zinalika.

Kwa viwango, tundu la USB la micro, lile la simu za zamani, na la Type-C la siku hizi yote hujengwa yastahimili kuchomekwa mara 10,000. Chomeka mara tatu kwa siku, hiyo ni zaidi ya miaka tisa. Ila hesabu hiyo haimjui mtu anayechati kalala chali, simu inachaji juu ya kifua, waya umepinda kama ndoana. Kwenye micro, vile vikucha vya kushikilia viliwekwa upande wa waya makusudi, ili waya ndio uchoke kwanza. Akili nzuri sana. Sisi waya ukilegea tunaufunga mpira, tunasonga nao hadi ulegeze na tundu.

Kinachoniudhi hasa ni simu ambayo tundu lake limechomelewa moja kwa moja kwenye bodi kuu, ile yenye ubongo wa simu. Nyingine zina kibodi kidogo pale chini. Fundi anafungua skrubu, anatoa, anaweka kingine. Ile ya kwanza, mkono wa fundi ukiteleza kidogo, umeaga simu nzima. Dukani hakuna anayeuliza hilo.

Siku hizi sinunui kabla sijampelekea yule kijana jina la modeli. Juzi moja aliitazama tu, akatikisa kichwa: "Hiyo tundu liko kwenye bodi kuu." Nikarudi dukani kumwambia muuzaji basi. Akanitolea macho.

"Lakini kaka, kamera yake umeiona?"